Fidia ya joto katika vipokezi vya redio za ndege

Ndege ndogo iliyoegeshwa juani Dar es Salaam tangu asubuhi inaweza kufikisha nyuzi 55 nyuma ya dashibodi. Ikipaa hadi futi 10,000 inakutana na hewa ya kama nyuzi 12, maana hewa ya chini ikiwa nyuzi 32, kila futi 1,000 hupunguza takriban nyuzi 2. Redio ni ileile na chaneli ni ileile, lakini kila kipande ndani ya saketi kimebadilika kidogo. Fidia ya joto ni ufundi wa kupanga vipande hivyo ili badiliko la kimoja lifutwe na badiliko la kingine. Neno fidia limekaa mahali pake hapa: joto halizuiwi, ila hasara anayoleta mmoja inalipwa na mwenzake.

Tuchukue koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kipande kinachohifadhi chaji), jozi inayochagua masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Waya wa koili hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Tuseme induktansi yake, yaani nguvu yake ya kupinga badiliko la mkondo, inabadilika sehemu 50 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Joto likishuka nyuzi 40, induktansi imepungua sehemu 2,000, na masafa yamepanda kwa nusu ya hapo, sehemu 1,000 kwa milioni. Kwenye megahezi 120, hizo ni kilohezi 120 nzima. Chaneli za sauti za ndege kwa kawaida zimeachana kilohezi 25, na Ulaya hata 8.33. Bila fidia, kipokezi kingekuwa kimeteleza karibu chaneli 5.

Sasa tazama tiba yake. Kuna kapasita zinazoitwa NP0, ambazo karibu hazijali joto, na nyingine zinazoitwa N750, ambazo hupungua sehemu 750 kwa milioni kwa kila nyuzi joto linapopanda. Mahali palipohitaji pikofaradi 100 (kipimo cha ukubwa wa kapasita), mbunifu anaweka NP0 ya 93 na N750 ya 7, sambamba. Kwa pamoja zinapungua kama sehemu 52 kwa nyuzi, wakati koili inaongezeka 50. Mteremko uliokuwa wa kilohezi 120 unabaki wa kama 6. Mimi naona huu ni miongoni mwa ufundi mzuri kabisa wa elektroniki: kakapasita kadogo kamebeba kazi yote, bila umeme wa ziada wala sehemu inayocheza.

Kristali ya kwatzi imetulia kuliko koili, hata hivyo nayo huyumba. Huko themista hupima joto, volti yake inaendesha daiodi ya varakta (inayofanya kazi kama kapasita inayobadilishwa kwa volti), na daiodi inaivuta kristali upande wa pili. Kristali iliyofidiwa hivyo ikiyumba sehemu 2 kwa milioni, kwenye megahezi 120 ni hezi 240 tu.

Sauti ikififia, rubani anajua kuna tatizo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kipokezi cha VOR, yaani redio ya kuongozea njia kwa kituo kilicho ardhini, kwa sababu hicho kinaweza kukosea kimyakimya. Kituo cha VOR hutuma mawimbi mawili ya hezi 30, na tofauti ya fezi kati yake (jinsi wimbi moja linavyochelewa nyuma ya jingine) ndiyo inayomwambia rubani yuko upande gani wa kituo. Katika vipokezi vya analogi, kila wimbi hupita kwenye filta yake, saketi ya kuchuja. Joto likisogeza fezi ya filta moja kwa digrii 1, sindano nayo inakosea digrii 1, na ukiwa maili 60 za baharini kutoka kituoni, hiyo ni maili nzima nje ya njia. Fidia ya hapa ni kuzifanya filta zote mbili kwa vipande vya aina moja, vilivyokaa karibu. Zikiteleza, ziteleze pamoja, na tofauti ibaki palepale.

Hatari huja wakati wa matengenezo. Fundi akitoa N750 iliyoungua na kuweka kapasita nyingine ya pikofaradi zilezile bila kuangalia aina, mezani penye nyuzi 25 kipokezi kitafanya kazi vizuri kabisa. Fundi mzoefu hakifungi hapo. Anapuliza dawa ya baridi juu ya saketi nzima, kisha hewa ya moto ya kikaushio cha nywele, macho yakiwa kwenye mita ya masafa, mpaka namba zikatae kusogea.