Kiungwana si cheo, na bwanyenye si kabaila

Wiki hii nimeletewa tafsiri ya riwaya niihariri. Ukurasa wa tatu nikakutana na bibi mmoja wa Kiingereza, mjane wa lodi, mwenye "shingo ndefu na pua ya kibwanyenye". Nikaweka kalamu chini. Kabla ya huyo nilishaletewa "mlo wa kikabaila" uliofanyika katika kasri la mfalme, na kabla yake "binti wa kiungwana", ambaye baada ya kurasa mbili niling'amua kwamba ni binti wa mtawala. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: "Mwalimu, si wote ni watu wa juu?"

Hapana. Kuna watu wa juu kwa kuzaliwa, kwa mali na kwa mwenendo, na Kiswahili hakijawahi kuwafunga wote katika furushi moja.

La ki- nalipitia haraka, maana kila kitabu cha sarufi kinalo. Ki- hii inataja namna, haitaji asili. Anayekula kifalme si lazima awe na taji, na anayelia kitoto anaweza kuwa na wajukuu. Ukitaka kusema amezaliwa mkubwa, taja kuzaliwa: wa ukoo wa kifalme, mwenye nasaba, mtoto wa mtemi.

Sasa bwanyenye na kabaila. Kabaila hapo zamani alikuwa mtu wa ukoo bora, na kamusi za zamani zinamtaja bila chuki yoyote. Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, likamtaka kiongozi asishiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila, na miongoni mwa yaliyokatazwa ikawa kumiliki nyumba ya kupangisha. Tangu hapo kabaila masikioni mwetu ni mwenye ardhi na majumba anayekula jasho la wengine. Bwanyenye yeye ni mtu wa mji na mali: mwenye duka kubwa, mwenye kiwanda, mwenye mtaji. Ukoo wake hauhusiki.

Mwanafunzi akiniambia tofauti hiyo ni ndogo, humpeleka Ufaransa ya mwaka 1789. Usiku wa tarehe 4 Agosti bunge la kule lilifuta haki za kikabaila, na Juni 1790 likafuta hata vyeo vya kurithi. Nani walikuwa mstari wa mbele katika bunge hilo? Mawakili na watu wa mijini wenye mali na elimu, yaani mabwanyenye hasa. Ukimwita mwana wa mfalme bwanyenye, umewaweka walioangusha na walioangushwa katika kiti kimoja, na msomaji wako hatajua tena nani aligombana na nani.

Lakini hayo naweza kuyavumilia. Linaloniuma ni kiungwana.

Muungwana kwa maana ya kwanza ni mtu huru, asiye mtumwa. Watu hupenda kunukuu "muungwana ni kitendo" wakiacha kichwa cha methali yenyewe: "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Mja, kabla hatujamzoea kama mja wa Mungu, alikuwa mtumwa. Kwa hiyo methali ilikuwa inawapanga watu: huyu kazi yake maneno, yule hutenda. Ni methali yenye dharau ndani yake, na sioni sababu ya kulificha hilo darasani. Ila tazama ilivyojigeuka. Ukishasema uungwana ni kitendo, umemfungulia mlango kila anayeweza kutenda, hata yule mja uliyetaka abaki nje.

Na mlango huo ulifunguliwa pia huku kwetu, katika njia ya misafara. Tabora na Ujiji za karne ya 19 zilijaa watu wa pwani walioitwa Waungwana. Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, anawataja kila mara katika maandishi yake. Wengi wao hawakuwa huru kwa kuzaliwa. Walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, wapagazi na walinzi wa misafara, ambao kwa kanzu, kwa dini, kwa Kiswahili chao na kwa kuijua dunia waliitwa waungwana, nao wakajiita hivyo. Nikipita chini ya miembe mikongwe ya mji huu wa Tabora huwafikiria. Walilichukua neno la mabwana wao wakalivaa, na likawaenea. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, na neno likabaki na mwenendo peke yake.

Ndiyo maana mama anayeuza asali stendi, akikuita urudi uchukue elfu tano uliyoisahau, amefanya jambo la kiungwana, na hakuna anayemuuliza ukoo wake. Na mwana wa mfalme anayemtukana mhudumu mbele ya wageni ana nasaba, uungwana hana. Ukiandika "binti wa kiungwana" kwa sababu tu baba yake anatawala, umempa adabu ambayo mwandishi hakumpa. Katika riwaya ile binti alikuwa mkatili.

Kuna jambo hapa sina uhakika nalo. Nasikia tofauti kati ya "mtu muungwana" na "mtu wa kiungwana": wa kwanza ndivyo alivyo, wa pili ndivyo anavyoonekana. Mwenzangu ninayefundisha naye haisikii kabisa, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.

Kimwinyi lina msiba wake. Mwinyi ni bwana, mwenye mji, lakini bara ukisema mtu ana umwinyi umesema analala hadi saa nne akingoja kuandaliwa chai. Kishua la vijana ni fedha na starehe tu.

Linalobaki ni la nyumbani, nalo linanitesa. Kwa Mnyamwezi mtemi ni mtawala. Wengine husema ni kwa sababu alitema msitu, yaani aliukata, wengine kwa sababu alikata mashauri. Isike wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ndani ya boma lake Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani, alikuwa mtemi. Lakini mitaani mtemi sasa ni mbabe anayepora wenzake, na "acha utemi" ni kauli ya kumkemea mkorofi. Nikiandika "mwendo wa kitemi", mzee wa Itetemia ataona heshima na kijana wa Dar es Salaam ataona ngumi. Naliandika katika habari za huku tu, na hata hapo hutanguliza jina la utemi wenyewe ili lisipotoke.

Yule bibi wa Kiingereza nimemwandikia hivi: "shingo ndefu, na pua ya mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kungoja kupishwa njia." Mtafsiri amelalamika kwamba neno moja limekuwa sentensi nzima. Ni kweli, na nimeiacha hivyo.