Uzito wa antivirusi hauonekani kwenye safu ya RAM

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nini. Mstari mmoja umezungushiwa duara jekundu, "Antimalware Service Executable", megabaiti mia mbili na kitu, na chini yake swali ninaloulizwa dukani na kwenye WhatsApp bila kukoma: "Fundi, hii inakula RAM, nipe antivirusi nyepesi." Naandika jibu hapa ili safari ijayo nitume linki tu.

Mstari huo ni Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows, na safu mliyozungushia duara siyo ya kuangalia. Antivirusi inayolinda muda wote hukaa katikati ya programu zako na diski, kama mlinzi wa geti anayekagua kila mfuko. Ukifungua Word, mafaili mengi husomwa kabla dirisha halijatokea, na kila moja husimamishwa, hukaguliwa, kisha hupitishwa. Uzito uko kwenye huo muda wa kusimamishwa. Antivirusi iliyoweka orodha yake ya virusi kwenye RAM inaweza kukagua haraka kuliko ile inayorudi diskini kila mara, kwa hiyo yenye namba kubwa kwenye Task Manager inaweza kuwa ndiyo nyepesi. Kwenye laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka, safu inayosema ukweli ni ya Disk. Ikigonga asilimia 100 na kubaki hapo, umempata mchawi.

Mwenye RAM ya GB 2 nakubali ana haki ya kulia, maana RAM ikijaa Windows huanza kuhamishia kazi diskini na kila kitu huganda. Lakini mashine hiyo ingeganda hata bila antivirusi.

Ukitaka kujua ipi nyepesi kwako, pima. Chukua folda yenye mafaili madogo mengi, ikopi, fungua zipu kubwa, sanikisha programu, washa kompyuta upya, huku saa ya simu ikihesabu. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima karibu hivyo hivyo na kuchapisha matokeo bure. Humo utaona kwamba Defender mara nyingi haiko miongoni mwa zilizo nyepesi zaidi. Nalisema wazi, na bado ndiyo ninayoiacha kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Inayowachosha watu zaidi ni skani yake ya ratiba, ambayo kwa kawaida huruhusiwa kutumia wastani wa asilimia 50 ya prosesa. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, na skani itakwenda taratibu ukiendelea na kazi.

Kuna wanaoniletea ClamWin, antivirusi ya bure, kama ushahidi kwamba nyepesi ipo. Ndiyo, haisumbui, kwa sababu hailindi faili linapofunguliwa. Inakagua ukiiamuru tu. Huwezi kuilinganisha na inayofanya kazi muda wote.

Sasa hili la kuweka mbili "kwa usalama zaidi". Acheni, jamani. Ukiweka antivirusi nyingine inayojisajili vizuri, Windows humnyamazisha Defender yenyewe. Ukiongeza ya tatu, zile mbili zilizobaki hukaguana: moja inafungua faili ili ilikague, nyingine inashtuka kwamba faili limefunguliwa, nayo inalikagua. Hapo ndipo mnasema kompyuta imezeeka. Unayetaka jicho la pili, tumia Malwarebytes ya bure. Majaribio ya siku 14 yakiisha, inabaki ya kuskani kwa amri tu na haigombani na mtu.

Faiwoli ina kazi nyingine kabisa, na kuichanganya na antivirusi kunanikera kuliko yote. Faiwoli hutazama miunganisho ya mtandao. WannaCry, virusi vilivyofunga mafaili na kudai fidia, tarehe 12 Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia poti (mlango wa mtandao) namba 445, na faiwoli iliyofunga mlango huo iliizuia isiingie kutoka nje. Virusi vinavyogeuza folda za flashi kuwa shotikati havipiti mtandaoni, kwa hiyo faiwoli haivioni hata ikiwa ya bei gani. Na unayo tayari: ya Windows huja ikiwa imewashwa tangu XP Service Pack 2 ya mwaka 2004. Inazuia wasioalikwa kuingia na inaruhusu vyako kutoka. Unapotumia hotspoti ya simu au Wi-Fi ya hoteli, hakikisha mtandao umewekwa Public. Zile faiwoli zinazouliza kila dakika "programu hii itoke?" ni nzuri kwa anayesoma swali. Nyumbani, siku ya pili kila mtu anabonyeza "ruhusu" bila kusoma, basi haimlindi tena.

Kraki za Windows na Office, zile programu za kukwepa leseni, sitazijadili kwa urefu. Maelekezo yake huanza na "zima antivirusi kwanza". Ukiizima kwa mkono wako, usiniulize ipi bora.

Panaponipa shida ni nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, ya bando la wikiendi na flashi zinazozunguka kati ya stationery na shule. Defender hutegemea sana seva za Microsoft kutambua virusi vipya, na bila mtandao uwezo wake hupungua. Unaweza kushusha mpam-fe.exe, faili la masasisho ya Defender, kutoka tovuti ya Microsoft, inazidi MB 100, ukaibeba kwa flashi na kuibonyeza mara mbili. Itasaidia kwa virusi vilivyokwisha kujulikana siku uliyoishusha. Kwa nyumba kama hiyo ushauri wangu wa "baki na Defender" unayumba, na anayemudu leseni ya mwaka namwambia asome kwenye ripoti za AV-Comparatives ile safu ya utambuzi bila intaneti, achague iliyo juu hapo, hata kama kwenye kasi imeshika nafasi ya tano.