Maneno ya Hisia Katika Insha: Mwanafunzi Afundishwe Kuchagua, Asikaririshwe

Katika madaftari ya insha ambayo sisi wakufunzi wa Kiswahili huyapitia tunapowatembelea walimu tarajali katika shule za Mikindani, Newala na Masasi mkoani Mtwara, "alifurahi sana" na "alihuzunika sana" hujitokeza karibu kila ukurasa. Pale yanapokosekana, nafasi yake huchukuliwa na mafungu ya kukariri kama "furaha isiyo kifani" au "huzuni isiyomithilika", ambayo mwanafunzi huyatumia kwa msiba wa babu na kwa kalamu iliyopotea bila kuona tofauti. Kwa maoni yangu kasoro hii ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa sababu anayeandika "sana" bado anatafuta neno, ilhali mwenzake ameshaacha kutafuta.

Chanzo kimojawapo ni orodha za msamiati tunazoandika ubaoni kana kwamba maneno yote ya kundi moja yana uzito mmoja. Bashasha huonekana usoni, na ndiyo maana mgeni hupokewa kwa bashasha. Nderemo ni za watu wengi na zina sauti, hivyo msichana anayesoma peke yake chumbani habari za kuchaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza hawezi kuwa na nderemo hata akifurahi namna gani. Hamaki huwaka na kuzimika upesi. Kinyongo hukaa moyoni miaka. Mwanafunzi aliyepewa maneno haya bila mazingira yake atayachanganya, na kosa halitakuwa lake.

Nafasi nzuri ya kulifundisha jambo hili huku kwetu hupatikana Julai, walimu wanapoandaa insha za Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliamua mwaka 2021 iadhimishwe tarehe 7 ya mwezi huo. Mada zinazotolewa aghalabu ni pana mno, kama vile umuhimu wa lugha yetu, na ndani yake hamna mtu wa kufurahi wala wa kuhuzunika. Wakati huohuo mikorosho iko katika msimu wa maua, na kila mtoto wa mkulima anajua nyumbani kunazungumzwa nini.

Tuchukue sentensi ya mwanafunzi: "Baba alihuzunika sana alipoona mikorosho yetu imeshambuliwa na ubwiri unga." Ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu unaoyafunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe. Mwalimu asiikosoe sentensi hiyo kwanza, bali aulize baba alifanya nini. Mtoto anayelijua shamba hujibu bila shida: baba alishika shada la maua likamwachia unga mweupe vidoleni, akaufikicha, akahamia mkorosho wa pili na wa tatu, na aliporudi nyumbani hakuuliza chakula bali aliuliza salfa, dawa ya ugonjwa huo, iliyobaki ni kiasi gani. Hapo ndipo darasa lipime maneno. "Majonzi" yatazidi kipimo, maana tumezoea kuyasikia kwenye misiba. "Kukata tamaa" kutamsingizia baba, kwa kuwa bado anaulizia salfa. "Fadhaa" inamfaa, kwani ndani yake mna wasiwasi na kutotulia. Baada ya mashauriano hayo sentensi inaweza kuwa: "Baba aliufikicha ule unga, akainua macho kuitazama mikorosho iliyobaki, fadhaa imemjaa." Mtu anaweza kuhoji kama neno "fadhaa" bado linahitajika ilhali vidole na macho vimekwisha kusema. Kwa darasa la sita ningeliacha, kwa sababu mtoto ndiyo kwanza analizoea. Kwa kidato cha tatu ningemwomba mwandishi alifute aone kinachobaki.

Hisia haikai katika nomino peke yake, na hapa vitabu vyetu vya sarufi hutupa mali ambayo vipindi vya insha huisahau. "Mtoto yule alilia" ni taarifa tu, lakini "kitoto kile kililia" huonyesha huruma au dharau ya msimulizi, na muktadha ndio huamua ni ipi. "Aliondoka" haitoi hukumu, ila "alijiondokea" inamwonyesha mtu asiyewajali aliowaacha. Mwalimu anayefundisha umbo la udogo Jumatatu na insha Alhamisi pasipo kuviunganisha hutumia saa mbili kwa kazi ya saa moja.

Zipo pia hisia zinazochanganyika. Mtoto anayetazama mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kwa mara ya kwanza humwogopa mchezaji aliyevaa kinyago, tena akivutwa mkono waondoke hukataa. Neno "hofu" pekee linamwonea. Mwanafunzi anayezungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani aruhusiwe kulisimulia tukio kama hilo kwa lugha hiyo kwanza, kisha darasa limsaidie kupata Kiswahili chake. Hofu kwamba lugha ya nyumbani itamharibia insha naiona imepita kiasi.

Kuhusu usahihishaji, wino mwekundu huishia kwenye tahajia, na mwanafunzi hujifunza kwamba neno likiandikwa sawa basi limechaguliwa sawa. Mwalimu apigie mstari neno moja la hisia katika kila daftari, aandike pembeni "Kiasi gani?" au "Ulijuaje?", na somo linalofuata lianze kwa kujibu maswali hayo wawiliwawili. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, daftari za safu moja kwa wiki zinatosha, ilimradi safu zipokezane.