Swichi za Semikondakta kwa Mapigo ya Umeme wa Volti Kubwa

Mfumo wa mapigo ya umeme hukusanya nishati taratibu ndani ya kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, kisha huiachilia yote kwa muda mfupi mno. Jouli moja tu, ikitolewa ndani ya mikrosekunde moja, huwa na nguvu ya wati milioni moja. Kwa miaka mingi kazi ya kuifungulia nishati hiyo njia ilifanywa na mapengo ya cheche na mirija ya gesi iitwayo thairatroni. Vifaa hivyo huhimili volti nyingi, lakini elektrodi za pengo huliwa na cheche, na thairatroni ikishawaka haiwezi kuukata mkondo hadi wenyewe uishe. Transista, yaani swichi ya semikondakta inayoendeshwa kwa ishara ya umeme, hukata mkondo wakati wowote, na ndiyo sababu wabunifu wengi wamehamia kwenye semikondakta.

Kikwazo ni kwamba transista moja haitoshi. Zile za silikoni kabaidi (aina ya semikondakta) zinazopatikana kwa urahisi huhimili volti 1,200 au 1,700, kwa hiyo swichi ya volti 20,000 hujengwa kwa kuzipanga nyingi mfululizo. Mbunifu mwangalifu hazipakii hadi kikomo, kwa kuwa volti hupanda ghafla wakati wa kuzima, na pia kwa kuwa nyutroni zitokanazo na miale ya anga za juu huweza kuiunguza semikondakta inayokaa muda mrefu chini ya volti kubwa. Transista ya volti 1,200 ikipewa 800 tu, zitahitajika 25.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kuhakikisha kwamba zote 25 zinagawana volti kwa usawa, kila wakati. Swichi ikiwa imezimwa, zile zinazovujisha mkondo kidogo hubeba volti nyingi zaidi, na kasoro hiyo hurekebishwa kwa kuweka rezista zinazolingana sambamba na kila transista. Wakati wa kuwaka hali ni ngumu zaidi. Zikiwaka 24 na moja ikachelewa, hata kwa nanosekunde chache, iliyochelewa huelekea kubebeshwa mzigo wa zote. Wakati wa kuzima, anayeumia ni yule aliyetangulia. Kapasita ndogo sambamba na kila transista hupunguza kasi ya kupanda kwa volti, ila nishati yake hupotea kama joto katika kila pigo, hivyo kuiongeza ukubwa bila kipimo si ubunifu bali ni kukwepa tatizo.

Kwa maoni yangu, ni bora juhudi ielekezwe kwenye saketi za kuendesha mageti, yaani sehemu za transista zinazopokea amri ya kuwaka na kuzima. Njia moja nzuri ni kupitisha waya mmoja wenye kihami kinene katikati ya pete za feraiti (kauri yenye sifa za sumaku), kila pete ikihudumia geti lake, ili amri ifike kote karibu kwa pamoja. Hata hivyo, pete hushiba sumaku pigo likiwa refu, na amri haipiti tena. Kwa mapigo ya namna hiyo hutumika nyuzi za kioo zinazopeleka amri kwa mwanga.

Mpangilio wa nyaya nao hausamehe makosa. Nanohenri 100 za njia ya mkondo (henri ni kipimo cha jinsi njia inavyopinga mabadiliko ya mkondo), mkondo ukipanda hadi ampea 1,000 ndani ya nanosekunde 100, humeza volti 1,000, na mkondo huo ukikatwa kwa kasi ileile, volti hizo huongezeka juu ya zile ambazo transista tayari zimezibeba. Kwa sababu hiyo njia ya kwenda na ya kurudi huwekwa karibu kadiri kihami kinavyoruhusu.