Maji ya Himo hayatoki kwenye barafu

Kila kikao cha watumia maji, kiwe Himo au Bomang'ombe, miji iliyo chini ya mlima Kilimanjaro, lazima asimame mtu aseme: "Mtaalamu, barafu ya mlima inaisha, ndiyo maana mto umekauka." Na ukumbi unapiga makofi. Nimechoka kujibu kwa mdomo, sasa naandika.

Barafu inaisha kweli. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2007 asilimia 85 yake ilikuwa imetoweka. Haya, tuanzie hapo hapo. Kama mito hii ingetegemea barafu, leo tungekuwa tunachota matone tu.

Kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na hewa ni kavu. Sehemu kubwa ya barafu ile haipiti hatua ya maji, inageuka mvuke moja kwa moja. Maji ya mfongo wako (mfereji wa kumwagilia), ya mto Himo, ya chemchemi za tambarare kama Miwaleni, yanatoka msituni. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba asilimia 96 ya maji ya mlima chanzo chake ni ukanda wa msitu. Upande wa kusini mvua huko inapita milimita 2,000 kwa mwaka, halafu kuna ukungu. Ukipanda njia ya Marangu asubuhi, shika tawi lenye zile ndevu za kijani, ulibonyeze. Maji yatachuruzika mpaka kwenye kiwiko hata kama usiku haikunyesha. Tanki lako ndilo hilo.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi hayahusiki? Yanahusika sana, ila hayapitii kwenye barafu. Mlima ukizidi joto na ukavu, moto unapata nguvu zaidi. Ule wa Oktoba 2020 uliwaka kwa siku kadhaa juu ya Mandara, kituo cha wapanda mlima. Vichaka vikishaungua, ukungu haupati cha kuukamata, unapita na upepo. Hapo ndipo dhana ya barafu inaponikera: barafu hakuna mtu wa Himo anayeweza kuizuia, basi tunakaa kulaumu viwanda vya Ulaya (wana lawama yao, sikatai) wakati mrina asali anayeacha kijinga cha moto porini tunamfahamu, na jioni tunakunywa naye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mengine ninayoambiwa vikaoni nitayapitia haraka.

"Mafuriko yanaonyesha mvua zimerudi." Hazijarudi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kisha inaumwaga kwa mkupuo. Maji mengi ya mkupuo hayazami ardhini. Yanakomba udongo wa shamba na kuupeleka bwawa la Nyumba ya Mungu.

"Kahawa imepungua kwa sababu mibuni ni mizee." Ni mizee, ndiyo. Lakini utafiti wa Tanzania uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto la usiku inayoongezeka inakula kilo 137 hivi kwa hekta.

"Tupande miti." Mti gani, mama? Nimekuta mikaratusi imepandwa kwa mstari mzuri kabisa kando ya chemchemi, na bango juu. Mkaratusi unakunywa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo ziachwe bila shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kukiharibu. Ziacheni, au pandeni mikuyu.

"Dawa ni kuchimba kisima." Pima floraidi kwanza, madini yanayoharibu meno yakizidi! Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukitaka kujua baadhi ya maji ya tambarare za Hai yana kiasi gani, tazama meno ya watoto wa huko. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kabla ya kumlipa mchimbaji, nunua gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Bati la mita za mraba 60 likipata milimita 10 za mvua linashusha lita 600, ndoo kubwa 30. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, ukinge inayofuata. Na tanki lifunikwe, tafadhali, mbu wasizaliane humo.