Rangi "Halisi" ya Kifaru na Mengine Yaliyonichosha

"Fundi, nataka rangi ileile ya kifaru chenyewe, usiichanganye na kitu." Anayesema hivyo anakuwa tayari ameshika simu, kwenye kioo kuna Panzer IV ya makumbusho, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, na namba ya rangi ya Kijerumani anaitaja kama anasoma tokeni ya LUKU. Hajamaliza huyo, anakuja mwingine na Sherman ya Wamarekani, maneno ni yaleyale. Mimi napaka vifaru vidogo vya plastiki na resini kwa wachezaji wa vita vya mezani hapa Tanga. Wateja wangu ni watu wazuri, wanalipa, na historia wanaijua. Ila hili la rangi halisi limenifika hapa, kwa hiyo naliandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia asome.

"Rangi sahihi ni ileile iliyopakwa kiwandani"

Tupige hesabu kwanza. Mchezaji akisimama mbele ya meza, macho yake yako kama sentimita 70 kutoka kwenye kifaru. Kwa skeli ya 1/100, yaani kifaru kimepunguzwa mara 100, hiyo ni sawa na kukitazama kifaru cha kweli kutoka mita 70. Kwa 1/72 ni mita 50. Kitu kikiwa mbali, hewa na vumbi vilivyo katikati hukififisha. Rangi nzito huonekana nyepesi, na rangi kali hupooza. Ukiwa Muheza itazame milima ya Usambara: ile ni misitu ya kijani kibichi, lakini unachokiona ni bluu iliyofifia.

Sasa chukua rangi yenye namba sahihi, ipake kwenye kitu chenye urefu wa sentimita 6 kilichoko mbele ya pua yako. Ile hewa ya mita 70 haipo. Rangi inabaki na uzito wake wote, na kifaru kinaonekana cheusi kuliko kinavyopaswa. Anayeumbuliwa zaidi ni mpenzi wa kijivu cha Wajerumani cha mwanzo wa vita, namba yake RAL 7021. Kile hata kwenye chuma cha kweli kilikuwa karibu na weusi. Kipake kama kilivyo kwenye skeli ya 1/100 upate donge la lami: mifuniko haionekani, vitasa havionekani, shoka na sepeto zilizofungwa ubavuni zimepotea. Halafu mwenyewe anakuja kulalamika, "Fundi, mbona haionekani kazi yako?" Kazi ipo. Umenikataza kuiangaza.

Kuna na suala la kivuli. Kifaru cha kweli kina kivuli kizito chini ya mnara (kile kichwa cha juu chenye mzinga) na nyuma ya magurudumu kwa sababu ni kitu kikubwa na jua linakipiga. Kifaru cha kiganjani chini ya taa ya chumbani hakina kivuli cha maana. Kile kivuli inabidi nikiweke mimi: rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana naiachia iingie kwenye mifereji na maungio, ikikauka napitisha brashi kavu yenye rangi nyepesi kwenye kingo. Hakuna namba ya kiwanda inayokupa hivyo.

Tena hiyo halisi yenyewe, ipi? Februari 1943 Wajerumani waliamua magari yao yatoke kiwandani na rangi ya msingi ya manjano iliyopooza, kisha vikosi vikapewa rangi nzito ya kijani na ya hudhurungi kwenye makopo, wanajeshi wenyewe waizimue na kupaka mabaka. Mwenye maji alizimua kwa maji, mwenye petroli kwa petroli. Mwenye mashine ya kupuliza alipuliza, asiyekuwa nayo akatumia brashi au chochote kilichokuwa karibu. Vifaru viwili vya kikosi kimoja vingeweza kusimama pamoja visifanane. Ongeza jua, mvua na tope. Na hicho cha makumbusho ulichokipiga picha, vingi vya aina hiyo vimepakwa upya baada ya vita, kwa hiyo unaniletea rangi aliyoichagua mrekebishaji, ikapita kwenye kamera, ikapita kwenye kioo cha simu, kisha unaniambia nisiichanganye!

Ninachofanya ni hiki. Nachukua rangi sahihi kama mwanzo wa safari, naongeza rangi ya krimu. Siongezi nyeupe tupu, maana nyeupe inaifanya kijani ionekane kama imemwagiwa unga. Kwa 1/72 wapakaji wengi hukadiria kuongeza kama asilimia 15. Kwa 1/100 mimi nasogea zaidi, naacha jicho liamue. Najaribu kwenye mgongo wa kijiko cha plastiki, vile vya kulia keki kwenye sherehe, kwa sababu kijiko kimepinda na kinaonyesha mwanga na kivuli kwa pamoja. Nakishika mkono ukiwa umenyooka, chini ya taa ileile watakayochezea. Ukichezea chini ya tyubu nyeupe, usichague rangi barazani saa tisa alasiri. Kijani kilichokupendeza juani kitakugeukia ndani.

Ukinipa picha, nipe. Ukinipa namba, nipe. Ila uniachie kijiko changu.

"Mabaka yakiwa mengi ndiyo kujificha"

Mabaka hayakifanyi kifaru kisionekane. Kazi yake ni kulivunja umbo ili mtu wa mbali achelewe kujua lile ni gari, limeelekea wapi na mnara uko upande gani. Ndiyo maana mabaka mazuri hukata kingo: linaanzia ubavuni, linapanda juu ya kona, linaendelea mgongoni. Mtu akipaka madoa madoa yanayoishia kabla ya kona amepamba tu. Kwenye skeli ndogo, mistari myembamba yote inameza mwenzake na kifaru kinabaki rangi moja ya matope, kwa hiyo punguza idadi, ongeza ukubwa.

Na si kila jeshi lilipaka mabaka. Vifaru vingi vya Kisovieti vilikuwa kijani kitupu, na vya Marekani kijani cha zeituni kitupu. Wakati wa theluji walipaka nyeupe inayotoka kirahisi, mara nyingi ya chokaa, nayo ilichubuka haraka kwenye mifuniko wanakopandia watu na kwenye kingo. Anayeishi Ngamiani ameona kuta za chokaa baada ya masika. Paka hivyohivyo, usipake nyeupe safi kama friji.

"Vanishi imeweka ukungu, basi ni feki"

Inawezekana ni feki. Lakini kabla hujaenda kugombana na muuzaji, kumbuka unaishi pwani. Vanishi ya kupuliza ikirushwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hunasa maji, ikikauka inaacha utando mweupe kama kifaru kimelala nje na umande. Kipindi cha masika usipulize kabisa. Miezi mingine subiri jua likiwa juu, usipulize asubuhi mapema wala usiku upepo wa bahari ukiingia. Mimi nimeachana nayo, natumia vanishi ya maji ya kupaka kwa brashi. Nayo uitikise kwa dhati, maana kile kinachoondoa mng'ao hukaa chini ya chupa. Kama ukungu umeshaingia, usikwangue: pitisha vanishi yenye mng'ao, mara nyingi utando unaondoka, kisha rudia isiyo na mng'ao.

"Plastiki haihitaji praima"

Inahitaji, ndiyo rangi ya kwanza inayoshika zile za juu. Na resini ioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya praima, ina mafuta ya kwenye kalibu. Sirudii.

"Jeshi la Wajerumani bila Tiger si jeshi"

Tiger I, kifaru kizito cha Wajerumani, zilitengenezwa kama 1,350 tu. StuG III, gari lao la deraya lenye mzinga, zilikuwa karibu 10,000, na upande wa pili Sherman zilikaribia 49,000. Ukiniletea Tiger sita na askari wa miguu wachache, nitazipaka, pesa ni pesa. Ila unayecheza naye anachoka, na wewe utakuwa umetumia pointi zako zote za kuundia jeshi la mchezo kwenye chuma ambacho askari wengi wa vita ile hawakuwahi kukiona. Nunua StuG. Ni fupi, haina mnara, unaipaka jioni moja.

Skeli nayo: 1/35 ni ya kabatini. Sherman ya skeli hiyo ina urefu wa kama sentimita 17, tano tu zinaziba barabara yako yote ya mezani. Kwa meza zetu za nyumbani, 1/100 au 1/72.

"Nipakie vifaru vya vita vya Tanga"

Hili huletwa na vijana, na nafurahi wanapotaka kucheza vita vya kwao. Ila mapigano ya Tanga yalikuwa Novemba 1914. Kifaru cha kwanza kuingia vitani kiliingia Septemba 1916, Ufaransa, kwenye mto Somme. Waliotua upande wa Raskazone walikuwa askari wa miguu kutoka India chini ya Jenerali Aitken wa Waingereza, na waliowazuia, wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa askari wa miguu na bunduki za mtombo, zile za risasi mfululizo. Magari ya deraya ya Rolls-Royce yalionekana kwenye kampeni hii baadaye, 1916.

Chombo cha kuleta kwenye meza ya Tanga ni treni. Von Lettow alishusha watu wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, na bila reli ile mji ungekuwa na walinzi wachache sana. Reli ilikuwa ya upana wa mita moja. Kwa vinyago vya askari vya kimo cha milimita 28, reli za treni za kuchezea za kipimo cha HO, zenye upana wa milimita 16.5, zinakaribia kipimo hicho vizuri. Injini ipake nyeusi iliyoangazwa kwa krimu, mabehewa kahawia yenye vumbi, na masizi uyaweke kuzunguka bomba la moshi kwa brashi kavu.