Kiinua mgongo: maana yake kwa mwanajeshi anayevua gwanda

Nilipolisikia neno hili mara ya kwanza, nikiwa mtoto, nilidhani ni dawa ya mgongo. Sikuwa mbali sana. Kiinua mgongo ni pesa anayopewa mtu anapomaliza kazi. Ameinama miaka mingi akimtumikia mwingine, siku ya kuondoka anapewa cha kumsaidia kunyooka. Jina limekaa vizuri mdomoni, na hapo ndipo linapopotosha watu, maana linanukia shukrani, kama kuku anayefungiwa mgeni anapoaga. Mtu akishaamini kwamba ameshukuriwa, hahesabu. Anapokea, anasema asante, na miezi mitatu baadaye anaanza kuuliza maswali.

Mimi nina saiba upande wa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, Kenya. Kambi ya jeshi iko karibu, na wateja wangu wengi ama wamewahi kuvaa kijani au wameolewa na aliyevaa. Nachapa barua, napiga skani, najaza fomu. Mwaka jana aliingia sajini mmoja aliyekuwa amestaafu si muda mrefu, yeye na mkewe, na faili la plastiki lenye bahasha ya kaki ndani. Akaketi kwenye stuli, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni.

"Kijana, hebu nipigie hesabu hizi. Naona kama nimepunjwa."

Alikuwa ameambiwa pensheni yake kwa mwaka ni kiasi fulani. Aligawanya kwa kumi na mbili, akapata pesa ya kila mwezi, akaipangia karo na mbolea. Ilipoanza kuingia benki ikawa pungufu, karibu robo nzima haipo. Nikasoma karatasi zake mara mbili. "Afande, hujapunjwa. Hiyo robo uliiuza mwenyewe."

Mitaani tunaita kila kitu kiinua mgongo, au "pesa za kustaafu" tu, lakini humo ndani mna vitu vitatu. Kiinua mgongo chenyewe, kwa maana kamili, ni malipo ya mara moja kwa mtu asiyekwenda na pensheni: mkataba wake ulikuwa mfupi, au ametoka kabla ya kufikisha miaka inayotakiwa. Akishalipwa, basi, wameachana. Pensheni ni ile inayoingia kila mwezi hadi mwenyewe afe. Halafu kuna mkupuo, na huu ndio unaochanganya watu, kwa sababu unakuja siku zilezile za kustaafu, ni mnene, na kila mtu kijijini anauita kiinua mgongo. Mkupuo ni kipande cha pensheni yako mwenyewe, kimekatwa na kugeuzwa pesa taslimu leo.

Nilimchorea sajini mfano nyuma ya karatasi ya printa. Wanajeshi wana kanuni zao zenye viwango vya vyeo na miaka, kwa hivyo namba hizi usimpelekee karani wa pensheni ukagombana naye. Nilichukua kanuni ya watumishi wa serikali wa mfumo wa zamani kwa sababu inahesabika kwa kalamu. Unachukua miezi uliyofanya kazi, unagawanya kwa 480, unazidisha na mshahara wa mwisho wa mwaka mzima. Mtu wa shilingi 40,000 kwa mwezi ana 480,000 kwa mwaka. Akifanya miaka 20, ambayo ni miezi 240, pensheni yake ni nusu ya mshahara, yaani 240,000 kwa mwaka, au 20,000 kila mwezi. Sasa anaweza kuchagua kuuza robo. Robo ya 240,000 ni 60,000. Serikali inaizidisha mara 20 na kumpa 1,200,000 mkononi. Kinachobaki ni 180,000 kwa mwaka, na huyo mtu kila mwezi ataona 15,000.

Mke wa sajini ndiye aliyeelewa kwanza. "Kwa hivyo hiyo milioni ni ile elfu tano tano imekuja mapema?"

Ndiyo mama, hivyo tu. Ni elfu tano tano za miaka ishirini zilizokuja kwa basi moja.

Hiyo namba 20 inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ndani yake mna mtego na mna nafuu pia. Mwalimu au karani anastaafu akiwa na miaka 60. Akiuza robo yake, wakati elfu tano tano zingekuwa zimefika milioni na laki mbili, yeye yuko 80. Mwanajeshi wa vyeo vya chini hangoji 60. Jeshini umri wa kutoka unafuata cheo, na askari wa kawaida anaweza kujikuta nyumbani akiwa kwenye arobaini na kitu, nywele bado nyeusi, watoto bado shuleni. Huyo aliyeuza robo akiwa 43, akifika 63 mkupuo umejilipa, na kila mwezi baada ya hapo anaishi na robo pungufu. Kwa upande mwingine, elfu tano ya leo si elfu tano ya miaka kumi na tano ijayo. Muulize yeyote anayenunua unga. Pesa mkononi leo inanunua ploti ambayo kesho haishikiki. Kwa hivyo sisemi mkupuo ni mbaya. Ninachosema ni kwamba mtu anayejua ameuza robo ya chakula chake cha uzeeni anaishika pesa ile tofauti na anayedhani amepewa zawadi. Wa pili ndiye utakayemkuta na matatu ya mtumba imekaa juu ya mawe kando ya nyumba, kuku wa mtaani wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nimeiona hiyo matatu. Kwa muda ilikuwa na abiria wengi kuliko matengenezo.

Swali jingine ninaloulizwa sana: "Akiba yangu jeshini imefika ngapi?" Hakuna akiba. Pensheni ya mwanajeshi wa Kenya haitoki kwenye mtungi alioujaza mwenyewe; inatoka mfuko mkuu wa serikali, kwa kanuni. Hapa ndipo ndugu wawili wa boma moja wanapogombana bure. Tangu Januari 2021 walimu, polisi na watumishi wengine wa serikali ambao hawakuwa wamefika miaka 45 waliingizwa kwenye mfumo mpya wa kuchangia. Siku hizi wanakatwa asilimia 7.5 ya mshahara na serikali inaongeza asilimia 15, na mtu anaweza kuuliza salio lake. Jeshi halimo katika mfumo huo. Mwalimu wa Bungoma akikuonyesha salio kwenye simu, usimwulize kaka yake aliyeko kambini lake liko wapi. Huyo ana mahindi, mwenzake ana maharagwe.

Jinsi unavyotoka pia inabadilisha unachopata. Kumaliza muda wako ni kitu kimoja. Kuomba kuondoka mapema ni kingine, na miaka ikiwa michache unaweza kupata kiinua mgongo pekee, au kidogo zaidi ya mkono wa kwaheri. Kufukuzwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi kunaweza kukufutia hata ulichokihesabu. Kutoka kwa sababu ya afya kuna njia yake: bodi ya madaktari inakaa, inapima umeumia kiasi gani na kama maumivu yametokana na kazi, na hilo la "kutokana na kazi" ndilo linalobeba pesa. Goti lililovunjikia uwanja wa mpira wa kijijini ukiwa likizo si sawa na goti lililovunjikia Somalia. Kwa hiyo kila unapoumia kazini, hata kama ni kitu unachoweza kukaza meno ukaendelea nacho, hakikisha kimeandikwa siku hiyo. Wanajeshi ni watu wa kukaza meno. Miaka kumi baadaye, mbele ya bodi, jeraha lisiloandikwa halikuwahi kutokea.

Kabla ya yote hayo kuna safari ya kuzunguka kambi kurudisha mali ya watu: kila kilichotoka stoo ya kwatamasta kirudi stoo, kila idara iweke sahihi kwamba haikudai. Wastaafu wanaisimulia kwa kucheka, lakini buti moja au blanketi lililopotea linaweza kusimamisha karatasi nzima, au gharama yake ikakatwa. Mwisho wa mzunguko huo unapewa hati ya utumishi, ambayo wengi wanaiita "dischaji". Ina namba yako ya jeshi, cheo, siku ulipoingia, siku ulipotoka na sababu ya kutoka. Mwajiri wa kampuni ya ulinzi ataitaka hiyo kabla hajakutazama usoni. Kila anayeniletea ya kwake namshauri atoe nakala kadhaa na ile ya awali asiibebe tena kwenye matatu.

Nimefika kwenye jambo ninalolijua vizuri kuliko hesabu, kwa sababu ndilo linalonipa wateja. Majina.

Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walikusanya maelfu ya vijana, wengi wao kutoka Nyanza na magharibi, kubeba mizigo ya jeshi kule Tanganyika. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakigeuza Kariakoo, na jina likabaki sokoni hadi leo, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi, na mishahara ya waliokufa mingi haikuwafikia jamaa zao. Sababu mojawapo ilikuwa daftari. Karani asiyejua lugha ameandika jina alivyolisikia, bila ukoo, bila kijiji kinachoeleweka. Utamtafuta nani? Baadaye, kwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), ambao wazee wetu waliwaita Keya kwa kuzisoma zile herufi tatu, daftari likanyooka kiasi.

Halijanyooka kabisa. Kijana aliandikishwa jeshini kwa majina ya cheti cha shule, kitambulisho kikaja na herufi moja imeruka, akaunti ya benki ikafunguliwa kwa majina mawili badala ya matatu. Akiwa kazini hakuna anayejali; namba ya jeshi inatosha. Siku ya kustaafu, Wekesa na Wekhesa ni watu wawili. Dawa yake si ngumu, ni hati ya kiapo mbele ya wakili, na kama tofauti ni kubwa, jina libadilishwe rasmi. Ugumu ni kwamba watu huja kuitafuta hati hiyo wakati faili limesharudishwa, na kurudishwa kwa faili ni miezi.

Mbaya zaidi ni fomu ya mrithi. Mtu aliijaza akiwa na miaka kumi na tisa, hana mke, akaandika mama yake. Akaoa, akazaa, hakuirudia. Akifa, mjane anaanza kutafuta barua ya chifu, cheti cha ndoa ambacho hakikuwahi kuchukuliwa kwa sababu ndoa ilikuwa ya ng'ombe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambavyo jina la baba limeandikwa kwa njia tatu. Familia nyingi za Eldoret na magharibi zilijifunza somo hili kwa njia chungu baada ya kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, kushambuliwa Januari 2016. Na mkwe na mama mkwe ambao hawakuwa na shida wanageuka maadui mbele ya chifu, kwa karatasi ambayo ingerekebishwa siku moja ya likizo.

Upande wa hospitali nitapita haraka. Kuna bima ya afya ya wanajeshi wastaafu, DEFMIS, na mstaafu anapaswa kujua kabla hajatoka kama jina lake na la mwenza wake limo. Kwa raia wengine tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kuna pia sheria ya 2022 ya kuwatambua wanajeshi wastaafu, na chama chao, DEFOCA, ambacho wazee bado wanakiita KAFOCA. Ukikwama ofisini, mzee mmoja wa chama anayejua mlango upi wa kubisha anaweza kukuokolea nauli tatu za Nairobi.

Na kadi ya benki ikae kwako. Hilo nalisema kwa sababu nawajua wastaafu ambao kadi zao ziko kwenye droo ya shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani, na namba za siri zimeandikwa nyuma kwa kalamu.

Nirudi kwa sajini. Alipomaliza kuangalia namba alinyamaza kidogo, kisha akacheka peke yake. Hakuwa amepunjwa. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameshika fomu nyingine iliyokuwa chini ya bahasha, akatoa kitambulisho chake kwenye leso na kukiweka kando yake juu ya kaunta.

"Kijana, hili jina langu hapa limeandikwa hivi. Huku kwenye kitambulisho ni hivi. Hii ina neno?"

Nikavisogeza karibu na taa. Kwenye fomu ilikuwa Nekesa. Kwenye kitambulisho, Naekesa. Nikafungua ukurasa mpya na kuanza kuchapa hati ya kiapo, nakala tatu, huku sajini amesimama nyuma yangu akinisomea namba ya kitambulisho ya mkewe, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu askari.